Meli ya Kitambaa

Desemba iliyopita nilifuta posti. Wale mnanifuata kitambo mnajua mimi huwa sifuti kitu, hata zile nilikosea bado ziko hapo zikiniaibisha. Hii moja nilifuta kabla hata masaa mawili kuisha, na wasee kadhaa wakaniandikia kuuliza kama nimetishwa. Sikutishwa. Niliombwa, na mtu ambaye hajawahi kuniomba kitu maishani.

Posti yenyewe ilikuwa picha mbili kando kwa kando. Ya kwanza yangu, nimesimama Pirates, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Mombasa, shati limefunguka vifungo viwili, bahari nyuma yangu. Picha kali, siwezi kudanganya. Ya pili niliitoa kwa ukuta wa Shosh hapa Huruma. Shosh anaishi nyumba ile ile tangu sijazaliwa, ghorofa ya tatu, ngazi zina giza mchana na usiku, na ukutani ana fremu nne. Moja ni ya baba mkubwa akiwa kijana: suruali ya kitambaa imepigwa pasi mpaka mstari unaweza kukukata, miwani myeusi, mkono mmoja kiunoni. Nyuma yake kuna meli nyeupe yenye bomba jekundu, mawimbi, minazi miwili, na ndege angani ambayo ukiipima na meli, ndege ndiyo kubwa. Ukitazama chini unaona pazia limeishia wapi. Kuna jiwe limewekwa lisipeperuke. Baba mkubwa amesimama kwa simiti. Nyuma ya picha kumeandikwa kwa kalamu ya bluu: Mombasa, 12/96.

Chini ya hizo picha nikaandika, "Photoshop ya kitambo." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Halafu simu ikalia. Baba mkubwa si mtu wa simu, yeye hupiga kukiwa na matanga. Akaniambia, "Kijana yangu, hiyo picha nililipia kazi ya siku mbili. Usichekeshe watu nayo. Toa." Nikatoa. Wikendi iliyofuata nikaenda kwake na mkate na maziwa, venye mtu huenda akikosea, na tukaongea mpaka usiku. Haya ninaandika ni sehemu ya yale aliniambia, pamoja na yale nilienda kusoma baadaye kwa sababu niligundua sijui kitu.

Tuanze mbali kidogo, sitakaa huko sana. Kamera ilifika pwani yetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Njia ya Daguerre ya kunasa picha kwenye bati la fedha ilitangazwa Paris mwaka 1839. Kati ya 1846 na 1848 nahodha Mfaransa, Charles Guillain, alikuwa anazunguka pwani ya Afrika Mashariki na kifaa hicho ndani ya meli. Nairobi haikuwepo hata kama kituo cha reli, reli ilifika hapa 1899. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema picha ni kitu cha Nairobi kilichoshuka pwani, mwambie akalale. Kabla karne ya 19 kuisha, Zanzibar ilikuwa na studio za Wagoa kama A. C. Gomes, na baadaye ndugu wa Coutinho, wanapiga picha za masultani, wafanyabiashara, na za kadi za posta.

Hizo kadi za posta ndizo zinanikera. Msichana amekaa, amesukwa nywele, amevaa kanga na vipuli vya karatasi masikioni, na chini ya picha hakuna jina lake. Imeandikwa tu "mwanamke wa Kiswahili" kwa lugha ya watu wengine, halafu anatumwa Ulaya kwa bei ya stempu. Hakuchagua mahali pa kutazama. Hakubaki na nakala. Hiyo ndiyo picha ya pwani ambayo dunia iliona kwanza, na mpaka leo ukifungua kurasa nyingi za utalii unakuta bado ni hiyo hiyo, ila sasa ina rangi.

Kilichobadilisha mambo ni mteja kuanza kulipa mwenyewe. Mombasa kulikuwa na Parekh Studio, iliyofunguliwa miaka ya 1940 na N. V. Parekh, na kwa miongo kadhaa watu wa mji walienda pale wamejipamba: maharusi, marafiki wawili wa kike, vijana wanaojifanya nyota wa sinema za Kihindi. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyekufa 1993, fundi aliyejifunza mwenyewe. Bakor alikuwa anakata na kubandika, anaunganisha negativu, anakutoa mahali ulipo na kukuweka mahali pengine kabisa. Yaani hayo mnalipia kwa programu ya simu siku hizi, Bakor aliyafanya kwa mkasi na chumba cha giza. Nilipoona kazi zake nilijisikia mjinga sana na ile "Photoshop ya kitambo" yangu, kwa sababu nilisema kama tusi kitu ambacho ni ufundi.

Sasa Likoni.

Miaka ya 1990 mwanzo, barabara inayoteremka kwa feri ya Likoni ilijaa vibanda vya wapiga picha. Sio studio za ukuta na mlango. Ni miti michache, turubai juu, pazia lililochorwa nyuma, na mapambo: maua ya plastiki, karatasi za kung'aa, picha zilizokatwa kwa kalenda. Kila siku watu maelfu kwa maelfu walikuwa wanavuka kwenda kazini na kurudi, na kila mmoja lazima apite hapo. Ukitaka kufungua biashara, hakuna mahali bora. Kuna mwanaanthropolojia Mjerumani, Heike Behrend, aliyekaa na hao wapiga picha na kuandika juu yao mwaka 2000, halafu tena kwa kitabu chake cha 2013. Anasema wengi wao walikuwa watu wa bara, wahamiaji, na wateja wao wengi vilevile: makuli, walinzi, wafanyakazi wa hoteli, wageni wa Krismasi. (Inaniuma kidogo kwamba historia ya baba zetu wakubwa iliandikwa na mtu kutoka Ujerumani. Simlaumu. Sisi tulikuwa tunacheka.)

Baba mkubwa alikuwa mmoja wa hao wateja. Alitoka Huruma 1994 akiwa na miaka 21, akaenda kubeba magunia bandarini kwa vibarua. Alipanga chumba ng'ambo, Likoni, kwa sababu kisiwani kodi ilikuwa juu. Asubuhi feri, jioni feri. Alipita vile vibanda miaka miwili kabla ya kusimama.

Nikamuuliza swali ambalo hata wewe umekuwa ukijiuliza. Bahari ilikuwa hapo. Hapo kabisa, nyuma ya pazia, hatua kama hamsini. Kwa nini ulipe kupigwa picha na bahari ya rangi?

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu huvaa viatu. Akasema, "Ile bahari ya ukweli ilikuwa na nini? Ilikuwa na feri imejaa watu wamechoka, mikokoteni ya maji, na mimi mwenyewe nikitoka kazi. Mama atatumiwa hiyo ya nini?"

Nilienda nikalala na hilo jibu. Maana ukifikiria, mimi pale Pirates nilifanya nini? Nilisubiri yule jamaa wa ngamia apite. Nikasogea ili wale wanaouza mabofu na viazi karai wasionekane. Shati lilikuwa la rafiki yangu. Nilipiga picha kama mia mbili na kuchagua moja. Tofauti yangu na baba mkubwa ni kwamba yeye pazia lake lilikuwa la kitambaa na alikubali lionekane.

Halafu kuna jambo la mwanga, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu hii ndiyo kazi ninayopenda.

Mombasa iko nyuzi nne tu kusini ya ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya utosi. Macho yanakuwa mashimo, pua inatupa kivuli juu ya mdomo. Ongeza mchanga. Ule mchanga mweupe wa Diani na Nyali ni matumbawe na makombe yaliyosagwa, unarudisha mwanga kama kioo. Kamera ikiona weupe wote huo, inadhani kuna mwanga kupita kiasi, inajifunga, na mtu mweusi aliyesimama mbele anatoka kivuli chenye meno. Kila mtu mtaani ana picha ya namna hiyo kutoka Mombasa. Sio kosa la ngozi yako. Filamu zenyewe hazikututarajia: kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye mwanamke mzungu, walizoziita "Shirley", na ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha sawa. Waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba malalamiko yaliyosikika yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na fanicha, kwa sababu rangi za kahawia hazikutoka vizuri. Chokoleti, wasee. Chokoleti ilisikizwa.

Sasa rudi kibandani. Turubai juu, kwa hivyo mwanga umetulia, haukukati uso. Pazia halina mng'ao wa maji. Fundi anajua umbali wake, anajua filamu yake, anajua leo na kesho mwanga utakuwa ule ule. Roli ina picha 36 na kila moja ni pesa, hakuna kujaribu mara mia mbili. Kumbe ndiyo maana uso wa baba mkubwa katika ile picha unaonekana, mpaka kovu dogo la nyusi, na wangu pale Pirates nilikaa nusu saa nikiutoa gizani kwa simu.

Na tukiwa hapo: ile picha ya jua likizama baharini ambayo kila mtu anataka, Mombasa hupati. Pwani ya Kenya inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma yako, upande wa minazi na mahoteli. Ukitaka lizame majini nenda Forodhani, Unguja, mji unatazama magharibi. Kwetu mwanga mzuri ni saa kumi na mbili na kitu asubuhi, wakati wale mlioenda kujivinjari bado mmelala. Hata hiyo habari ya "picha za kiangazi" tumeiokota kwa watu ambao kiangazi chao ni Juni hadi Agosti. Juni kwetu ni kusi, upepo umechafua bahari, na Mei yake imenyesha vibaya. Msimu wetu ni kaskazi, Desemba hadi Machi, na ndio maana Nairobi nzima inateremka Krismasi, zamani kwa basi la usiku, na tangu Juni 2017 kwa treni ya SGR iliyoanza na tiketi ya shilingi 700 kwa daraja la kawaida. Mwaka wa kwanza wa hiyo treni ndio nilianza kuona watu wa ploti yetu wakirudi na picha za bahari ya ukweli.

Wale hawakuwa na nauli walikuwa na Uhuru Park. Usicheke, Shosh yuko hapo kwa fremu ya pili. Bustani ilifunguliwa 1969, ikawa na lile bwawa na boti za kukodi, na wapiga picha wanaozunguka na kamera shingoni. Shosh amekaa kwa boti, kitambaa kichwani, ameshika mkoba kwa mikono yote miwili kama boti itaiba. Ukikata juu, usione majengo ya mjini, ni bahari kabisa. Hizo picha zilienda ushago na watu waliamini wanachotaka kuamini.

Nirudi kwa baba mkubwa, kwa sababu sijamaliza, na yeye pia alichukua muda kufika hapo.

Tarehe 13 Agosti 1997, usiku, vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni. Waliua polisi, wakachukua bunduki, wakachoma, halafu wakaanza kutafuta watu wa bara. Uchaguzi ulikuwa Desemba ya mwaka huo. Katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 100 waliuawa pwani, na maelfu kwa maelfu wakahama, wengine wakalala kanisani kusubiri basi. Baadaye iliundwa tume ya Jaji Akiwumi kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, na Likoni ilikuwa ndani. Shuleni tulifundishwa haya kwa aya moja. Nyumbani hatukufundishwa kabisa.

Baba mkubwa alitoka chumbani kwake alfajiri na begi moja. Alivuka. Pale kwa vibanda, akaniambia, kulikuwa na miti imesimama tu. Pazia zimetolewa, meza zimetolewa. Yule fundi wake naye alikuwa mtu wa bara. Baba mkubwa alikuwa amelipia nakala ya pili ya ile picha, ya kubaki nayo yeye, maana ya kwanza alimtumia Shosh Krismasi. Risiti alikuwa nayo mfukoni. Hakumwona yule fundi tena, wala hajui negativu iliishia wapi. Miaka mitatu ya Mombasa, vyombo, godoro, redio, vyote vilibaki kwa kile chumba. Kilichobaki kuonyesha kwamba aliwahi kuishi pale ni karatasi moja iliyokuwa tayari imefika Huruma, kwa ukuta wa mamake.

Hiyo ndiyo niliweka mtandaoni nikaandika utani.

Hajarudi Mombasa. Tulipokuwa tunapanga safari ya Desemba tulimwalika, akasema ana kazi. Mimi nikadhani ni ubahili.

Sasa kuna wale mtasema picha ni ya familia, una haki. Nilikuwa nafikiri hivyo pia. Lakini Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na sura yako ni data yako. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Nimepiga picha watu wangapi mtaani, watoto wakiruka maji ya mfereji Kiamaiko, wamama wa mboga, nikaweka tu kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri? Sikuuliza majina. Nimewalaumu hapo juu wale wa kadi za posta, na ukifungua ukurasa wangu wa miaka miwili iliyopita utapata mambo yanayofanana. Nimeanza kupitia moja moja. Nyingine nimetoa. Nyingine nimerudi kwa mwenyewe nikauliza, na wawili wamesema iache, mmoja akataka nakala kubwa ya ukutani, nikamchapishia.

Wapiga picha wa ufuoni bado wako, wale wa Pirates wanaokujia na kamera na kimashine cha kuchapisha. Krismasi niliwapuuza, nina simu ya maana, nitalipa ya nini. Naona sasa walikuwa wanatoa kitu ambacho simu yangu haitoi: karatasi unayoweza kubeba ukikimbia. Simu zangu mbili za mwisho ziliibwa Juja Road na picha zote ndani.

Baba mkubwa amenikubalia kuandika haya. Alinipa masharti mawili, kwamba picha yenyewe isionekane hapa na jina lake lisitajwe. Nilimsomea yote kwa sauti kabla ya kuweka. Alisikiza akiwa ameangalia pembeni, na alinirekebisha mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba fundi ndiye alimweka mbele ya ile meli. Akasema hapana. Kulikuwa na pazia tatu: moja ya msikiti na minazi, moja ya mji wenye maghorofa, na hiyo ya meli na ndege. Alisimama pale dakika kumi watu wakimsukuma, akazitazama zote, akachagua mwenyewe.

Shosh mpaka leo, mgeni akiingia na kuuliza, humwambia kijana wake alikuwa anafanya kazi kwa hiyo meli. Baba mkubwa akiwa amekaa hapo hapo, anakunywa chai yake.